Shajara ya Mradi: Kupima Tungamo ya Chembe kwenye Uga wa Kwanta, Chake Chake

Rajabu

Lengo la mradi ni hili: kijana wa Pemba aliyemaliza kidato cha sita, mwenye hesabu za kutosha na kompyuta ya kawaida, apime mwenyewe tungamo ya chembe inayotokana na uga wa kwanta. Kusimuliwa habari zake hakutoshi. Karatasi za somo tunaziandika kwa Kiswahili, programu tunaziandika kwa Python, na tumewekeana sharti kwamba namba yoyote itakayotoka kwenye programu, kama inawezekana, iwe imepatikana kwanza kwa kalamu.

Tunakutana baada ya laasiri kwenye chumba cha skuli tulichoazimwa. Mimi nasomesha fizikia. Pamoja nami yuko mama mtu mzima aliyesomesha hesabu miaka mingi, sote tunamwita Maalim, na vijana wanaosubiri nafasi za chuo. Mmoja wao anatoka Kojani, huwa anavuka kwa mashua kabla ya kupata gari.

Kwa nini tuanze na uga badala ya chembe? Anayeifikiria elektroni kuwa kijipira kidogo hukwama kwenye maswali mawili. Kwanza, kwa nini elektroni zote ulimwenguni zina chaji ileile na tungamo ileile, bila tofauti yoyote? Pili, atomu inapotoa mwanga, ile fotoni, yaani chembe ya mwanga, ilikuwa wapi kabla? Haikuwa imefichwa ndani ya atomu. Imezaliwa pale pale. Nadharia inayoanza na chembe moja na kumaliza na chembe moja haiwezi kulibeba jambo hilo. Paul Dirac alilishika mwaka 1927 kwa kuuchukulia uga wa sumaku-umeme wenyewe kuwa kitu cha kwanta. Mwaka uliofuata akatoa mlinganyo wake wa elektroni, na mlinganyo huo ukadai kuwepo kwa elektroni yenye chaji chanya. Carl Anderson aliiona mwaka 1932. Kwa mtazamo wa uga, upo uga mmoja wa elektroni ulimwengu mzima, na kila elektroni ni msisimko wa uga huo. Zinafanana kwa sababu asili yao ni moja.

Uga ni kitu chenye kiasi chake kila mahali na kila wakati. Joto la maji ya bahari kuanzia Mkoani hadi Wete ni uga. Vijana hawakuhitaji maelezo zaidi ya hayo, tukaingia kazini.

Karatasi ya kwanza ina vigololi vinne vilivyopangwa duara. Kila kimoja kimeshikwa mahali pake na springi, na kimefungwa kwa majirani zake wawili kwa springi nyingine. Tumechagua vipimo ambavyo springi zote zina nguvu 1, na namba za maumbile zisizobadilika, ħ ya kwanta na c ya kasi ya mwanga, nazo ni 1. Vigololi vikitetemeka pamoja, mraba wa frikwensi ni 1. Vikipishana, kimoja juu na kimoja chini, mraba huo ni 5. Katikati ipo mitetemo miwili yenye 3 na 3. Maalim aliwataka vijana wazitoe namba hizo kwa matriksi na si kwa kukisia, na kila mmoja alizitoa.

Kisha ikaja kwanta. Mtetemo wenye frikwensi ω hauruhusiwi kuwa na nishati yoyote tu. Unapanda kwa ngazi, na kila ngazi ina kimo cha ω. Mtetemo ukipanda ngazi moja, tunasema ipo chembe moja. Ukipanda mbili, zipo chembe mbili za aina ileile. Hiyo ndiyo maana ya chembe katika nadharia hii, na hakuna nyingine iliyofichwa nyuma yake.

Jambo lililonifurahisha zaidi lilitokea tulipoongeza vigololi na kuvisogeza karibu karibu. Mraba wa frikwensi kwa vigololi vingi ni m² + 4 sin²(k/2), ambapo m² ni nguvu ya springi inayokishika kigololi mahali pake, na k hueleza urefu wa wimbi. Wimbi likiwa refu, sini ya pembe ndogo inakaribia pembe yenyewe, na fomula inageuka kuwa m² + k². Kijana wa Kojani ndiye aliyeiandika ubaoni chini ya ile ya Einstein, E² = m² + p², ambapo E ni nishati, m ni tungamo na p ni momenta ya chembe, akasimama kuitazama. Nguvu ya springi inayokishika kigololi mahali pake imegeuka kuwa tungamo. Hatukuiweka fomula ya Einstein mahali popote. Imejitokeza.

Shaabani

Kabla ya kuendelea ilibidi tulitolee majibu suala la nishati ya utulivu. Mtetemo wa kwanta hata ukiwa kwenye ngazi ya chini kabisa hubaki na nusu ya ω. Kwa vigololi vyetu vinne jumla ni nusu ya (1 + 1.732 + 1.732 + 2.236), yaani 3.35. Ukisogeza nukta karibu zaidi, mitetemo inaongezeka, na jumla inakua bila kikomo. Hii ndiyo namba ya kwanza isiyo na kikomo katika nadharia ya uga, na ni vyema mwanafunzi akakutana nayo mapema.

Tumelieleza hivi: maabara haipimi jumla ya nishati ya ombwe, inapima tofauti. Hendrik Casimir alionesha mwaka 1948 kwamba bapa mbili za chuma zisizo na chaji, zikiwekwa karibu ndani ya ombwe, huvutana, kwa sababu mitetemo inayoruhusiwa katikati yake si sawa na ile ya nje. Mgandamizo ni π²ħc/240d⁴, ambapo d ni umbali kati ya bapa. Kwa bapa zilizoachana mikromita moja unapata kama paskali 0.0013. Zikisogezwa hadi mikromita 0.1 unapanda mara 10,000 na kufika paskali 13. Namba mbili zisizo na kikomo zimeondoana na kuacha kitu kinachopimika. Steve Lamoreaux alikipima vizuri mwaka 1997.

Sasa njia ya pili ya kuikabili kwanta, ambayo ndiyo mradi utakayoitumia hadi mwisho: jumla ya historia zote, ya Richard Feynman. Uga hauendi kwa njia moja kutoka hali hii hadi ile. Kila historia inayowezekana inaingia kwenye jumla ikiwa na uzito wake, na uzito huo unatokana na aksheni S ya historia hiyo, yaani namba moja inayokokotolewa kwa historia nzima. Katika wakati wa kawaida uzito ni namba changamano inayozunguka, na kompyuta haiwezi kuijumlisha kwa raha. Tukiugeuza wakati kuwa wa namba za kufikirika, uzito unakuwa e kwa kipeo cha −S, namba halisi na chanya, sawa na uwezekano katika fizikia ya joto. Ngazi za nishati hazipotei kwa mgeuzo huu. Zinasomeka kwa jinsi korelesheni, yaani kiasi ambacho uga wa wakati mmoja unafuatana na wa wakati mwingine, inavyofifia hatua kwa hatua.

Karatasi ya tatu ndiyo roho ya mradi, na nitaieleza kwa kirefu. Nukta ni nne tena, kwa duara, lakini sasa ni hatua nne za wakati. Aksheni ni nusu ya mraba wa tofauti kati ya kila jirani na jirani, kuongeza nusu ya mraba wa uga kwenye kila nukta. Swali: ukizidisha uga wa nukta moja na uga wa nukta nyingine, wastani wa zao hilo kwa historia zote ni ngapi? Wastani huo ndio propageta, yaani kiasi ambacho nukta moja inahisi kinachotokea kwenye nyingine.

Majibu ni haya. Nukta na yenyewe: 7/15. Nukta na jirani yake: 3/15. Nukta na ile iliyo mkabala: 2/15.

Yanahakikishwa kwa hesabu za darasa la sita. Kanuni inasema: chukua propageta ya nukta mara 3, toa za majirani wawili, lazima upate 1 pale ulipoanzia na 0 kwengine kote. Mara 3 ya 7 ni 21, toa 3, toa 3, ni 15, yaani 15/15. Kwa jirani: mara 3 ya 3 ni 9, toa 7, toa 2, ni 0. Kwa mkabala: mara 3 ya 2 ni 6, toa 3, toa 3, ni 0.

“Maalim, hii 15 imetoka wapi?” aliuliza binti mmoja. Maalim hakumjibu mara moja. Alimwambia arudi kwenye ile mitetemo minne ya Rajabu: 1, 3, 3, 5. Propageta ya nukta na yenyewe ni wastani wa 1/1, 1/3, 1/3 na 1/5, na 15 ni kigawe kidogo cha shirika. Binti akaifanya mwenyewe: jumla ni 28/15, gawa kwa 4, ni 7/15. Vigololi vya mwezi uliopita na hatua za wakati za mwezi huu vinatoka kwenye matriksi moja.

Ramadhani

Tunakutana baada ya tarawehe, na kazi inakwenda mpaka karibu na daku. Usiku umekuwa mzuri kwa kuandika programu.

Njia tuliyoitumia ni ya Metropolis na wenzake, ya mwaka 1953. Chagua nukta. Pendekeza kuongeza au kupunguza uga wake kwa namba nasibu ndogo. Hesabu mabadiliko ya aksheni. Yakiwa yamepungua, kubali. Yakiwa yameongezeka kwa ΔS, kubali kwa uwezekano wa e kwa kipeo cha −ΔS, vinginevyo iache nukta ilivyokuwa, na hali hiyo ya zamani uihesabu tena kwenye wastani. Rudia kwa nukta zote, mara nyingi sana. Kiini cha programu ni mistari isiyojaza hata ukurasa.

Mambo mawili tumeyasisitiza kwa sababu ndiyo yanayotofautisha kipimo na namba tupu. La kwanza ni ukubwa wa pendekezo. Likiwa dogo mno karibu kila kitu kinakubaliwa na uga hauendi popote. Likiwa kubwa mno karibu kila kitu kinakataliwa. Tunalirekebisha mpaka takriban nusu ya mapendekezo yakubaliwe. La pili ni makadirio ya kosa. Hali mbili zinazofuatana zinafanana, kwa hivyo si vipimo viwili huru, na anayezihesabu kana kwamba ni huru atajidai ana uhakika asiokuwa nao. Tunaugawa mfululizo mzima kwa mafungu makubwa, tunachukua wastani wa kila fungu, na kosa tunalitoa kwenye mtawanyiko wa mafungu. Sikubali mtu aniletee namba isiyo na kosa lake pembeni.

Programu imetoa 7/15, 3/15 na 2/15 ndani ya mipaka ya kosa. Vijana waliipigia makofi.

Kisha tukapima wastani wa uga kwa kipeo cha nne. Kanuni ya Gian-Carlo Wick inasema: kwa uga usiojigusa wenyewe, zipange uga nne za zao hilo mbili mbili kwa kila namna. Namna ni tatu, na kila moja inatoa mraba wa 7/15. Mara 3 ni 0.6533. Programu inakubali. Kuoanisha huku ndiko mzizi wa michoro ya Feynman, ambayo kila mmoja unasimama badala ya hesabu: kila jozi ni mstari, kila mstari ni propageta.

Mfunguo Mosi

Mvua za masika zimeanza na baadhi ya siku kijana wa Kojani hawezi kuvuka. Karatasi tunampelekea kwa simu.

Mpaka hapa chembe zetu zilikuwa zinapitana bila kujuana. Mwezi huu tumeongeza kwenye aksheni λ/24 mara uga kwa kipeo cha nne, ambapo λ ni nguvu ya mgusano, na tumeanza na λ = 0.6. Sasa mitetemo inagusana, na hakuna tena jibu kamili la kalamu. Ndipo njia ya kukadiria kwa hatua inapohitajika: ifungue e kwa kipeo cha −S kuwa mfululizo wa vipeo vya λ, chukua neno la kwanza lenye λ, oanisha kwa kanuni ya Wick.

Tuliuchora mchoro wa kwanza ubaoni polepole. Mstari unatoka x, unafika z, unaondoka kwenda y. Kwenye z ipo miguu minne. Mstari wa x unaweza kushika mguu wowote kati ya 4. Wa y unaweza kushika wowote kati ya 3 iliyobaki. Miguu miwili ya mwisho inashikana yenyewe na kufanya duara dogo juu ya z. Namna ni 4 × 3 = 12, na 12/24 ni nusu. Duara dogo lina thamani ya propageta ya nukta na yenyewe, 7/15. Matokeo yake ni sawasawa na kuongeza m² kwa nusu ya 0.6 mara 7/15, yaani 0.14. Uga tuliouandikia m² = 1 unaenda kana kwamba una 1.14.

Hapa ndipo nilipotaka tufike tangu Rajabu. Tungamo iliyoandikwa ndani ya programu siyo inayopimwa. Chembe inapita katikati ya misisimko ya uga wake wenyewe, na kinachopimwa ni jumla ya vyote. Hakuna maabara iliyowahi kuiona ile 1 peke yake.

Katika vipimo vinne vya mahali na wakati, lile duara dogo linakua bila kikomo kadiri nukta zinavyosogezwa. Kwa miaka mingi hili lilionekana kuwa mwisho wa nadharia. Mwaka 1947 Willis Lamb na Robert Retherford walipima ngazi mbili za haidrojeni ambazo kwa mlinganyo wa Dirac zilipaswa kuwa sawa, wakakuta zimeachana kwa kiasi cha megahezi 1,000. Leo tunajua ni kama 1,057. Hans Bethe akaihesabu tofauti hiyo kwa kutoa sehemu inayokwenda kwenye tungamo ya elektroni huru, sehemu ambayo tayari imo ndani ya tungamo iliyopimwa. Alipata kama 1,040. Mwaka 1948 Julian Schwinger alipata kwamba usumaku wa elektroni unazidi ule wa Dirac kwa α/2π, ambapo α ni namba inayopima nguvu ya mgusano wa umeme, karibu 1/137. Tuliifanya kwa kikokotoo: gawa 1 kwa 137.036, gawa tena kwa mara mbili ya π, ni 0.00116. Kipimo ni 0.00115965. Schwinger, Feynman na Sin-Itiro Tomonaga walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1965 kwa kazi hii.

Renomalizesheni, basi, tumeiandika kwenye karatasi kama utaratibu wa kazi: chagua m² na λ za ndani ya programu kwa namna ambayo tungamo na nguvu ya mgusano vinavyopimwa vibaki palepale unaposogeza nukta, halafu uliza kila swali jengine kwa kutumia vile vilivyopimwa. Binti aliyeuliza habari ya 15 aliuliza kama huko siko kuficha tatizo chini ya jamvi. Nilimjibu kwamba kingekuwa kuficha lau tungelazimika kuchagua namba mpya kwa kila kipimo kipya. Hapa tunachagua namba mbili, na nyingine zote zinatabiriwa.

Tumepima pia kwa λ kubwa. Ikiwa ndogo, vipimo vinalala juu ya hesabu ya mchoro mmoja. Ikikua, vinapinda, kwani michoro ya maduara mawili imeshaanza kuwa na uzito. Freeman Dyson alitoa hoja mwaka 1952 kwamba mfululizo wa namna hii katika elektrodinamiki ya kwanta, yaani nadharia ya elektroni na mwanga, haufiki kwenye jibu moja ukiufuata bila mwisho. Ndiyo maana sitaki mradi uishie kwenye michoro.

Mfunguo Pili

Latisi, yaani mpangilio wetu wa nukta, sasa ina pande mbili, mahali na wakati, kama jarife lililotandazwa na kila fundo lina namba yake. Njia ya kuiweka nadharia ya uga kwenye latisi ilifunguliwa na Kenneth Wilson mwaka 1974 kwa ajili ya kani inayofunga kwaki, chembe zinazounda protoni.

Jaribio la kwanza ni bila mgusano, m² = 0.25. Jumlisha uga wa safu nzima ya mahali kwa kila wakati, kisha tazama korelesheni ya safu moja na nyingine. Hesabu inasema ififie kwa e kwa kipeo cha −Et, na 2 sinh(E/2) = 0.5, hivyo E = 0.495, na kila hatua korelesheni igawanyike kwa 1.64. Karibu na katikati ya latisi mstari unapinda juu kwa sababu duara lina njia mbili za kuzunguka, kwa hivyo tunaiwekea cosh, jumla ya e mbili, moja kwa kila njia, badala ya e pekee. Vipimo vinakubaliana. Kila kijana amechora grafu yake kwenye karatasi ya miraba, akaweka kosa la kila nukta, akasoma mteremko. Tungamo imepimwa.

Mgusano ukiongezwa, mteremko unabadilika, na hapo hakuna kalamu inayotangulia. Njia ni ileile. Mwaka 2008 wanafizikia wa Ulaya walichapisha tungamo ya protoni na za hadroni nyingine, yaani chembe zilizoundwa kwa kwaki, zilizopatikana kwenye latisi ya kwaki na gluoni zinazozifunga, zikaafikiana na maabara kwa tofauti ya asilimia chache. Tungamo za kwaki zenyewe ni sehemu ndogo tu ya tungamo ya protoni. Iliyobaki ni nishati ya uga.

Tumegusa pia m² hasi. Bonde moja la aksheni, yaani mahali uga unapopendelea kukaa, linakuwa mawili, na kwenye latisi kubwa uga unashika bonde moja na kubaki humo, japo aksheni haipendelei upande wowote. Kwenye duara la nukta nne haukubaki, ulivuka huku na huku. Uvunjikaji huu wa ulinganifu ndio ulio ndani ya nadharia ya Abdus Salam, Sheldon Glashow na Steven Weinberg iliyowapa Nobel mwaka 1979, na chembe ya Higgs, msisimko wa uga unaovunja ulinganifu huo, ilionekana kwenye maabara ya CERN huko Ulaya mwaka 2012, tungamo yake kama GeV 125, yaani karibu mara 133 ya protoni. Vijana walitaka kujua zaidi kuhusu Salam, mtoto wa Jhang huko Punjab. Niliwaeleza kwamba mwaka 1964 alianzisha kituo cha fizikia ya nadharia Trieste, Italia, kwa ajili hasa ya wanasayansi wa nchi zetu, na kwamba kituo kipo na kinapokea maombi. Wawili wameshaanza kusoma masharti yake.

Kinachofuata ni fermioni, yaani chembe za jamii ya elektroni. Uga wa elektroni hauwakilishwi na namba za kawaida: ukibadilisha mpangilio wa mbili, ishara inageuka, na mraba wa kila moja ni sifuri. Kompyuta haiwezi kuzihifadhi, hivyo hujumlishwa kwanza kwa kalamu na kuacha ditaminanti ya matriksi, yaani namba moja inayokokotolewa kutoka matriksi nzima. Maalim ameshaandika karatasi ya nukta mbili, ambapo ditaminanti ni ya mbili kwa mbili na kila neno linaonekana. Tutaifanya wiki ijayo, mashua zikivuka.